Mikanda Yenye Sahihi Yangu

Mwanangu Mwende,

Kabla ya lolote nakuomba: barua hii usimwonyeshe mtu. Usiisome kwa sauti, usimpe jirani wa kiti akushikie unapotafuta tiketi, na nahodha wako asiione mpaka nitakapokuambia. Ukimaliza, ikunje nilivyoikunja uirudishe ndani ya kifurushi. Wakinigundua kabla ya wiki moja kuisha, sitaumia peke yangu.

Nilikuambia kifurushi hiki cha turubai kina leso, na kwamba usikifungue mpaka basi lipite Voi. Si leso. Nimekudanganya, na huo ndio uongo mdogo kuliko wote utakaousoma humu.

Sasa ni saa kumi jioni. Umeenda kwa Mama Nasieku kuaga, na kwa kuwa nyumba ile haitoki mtu bila kunywa chai mara mbili, najua nina muda. Nimefunga mlango kwa komeo kama mwizi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ukinijua vizuri, na unanijua, unaweza kuona mkono wangu unavyoandika: herufi zimesimama wima, zimepangwa, karani mzuri. Mkono wangu huandika hivyo nikiwa na hofu. Leo nina hofu na hasira pamoja, na hasira ndiyo kubwa.

Sitakuandikia habari za chakula, nguo za baridi, wala wanaume. Mama Nasieku anakueleza hayo sasa hivi, na yeye anayajua kunishinda. Nataka kukuandikia habari za mikanda.

Ulipokuwa na mwaka mmoja na nusu tulikaa chumba kimoja cha mabati, hatua thelathini kutoka barabara ya Namanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nasomea mtihani wa taipu na hati mkato. Chumba hakikuwa na dirisha. Mlango ukifungwa, sioni kitabu. Mlango ukiwa wazi, wewe unatoka, na nje kuna malori ya ng'ombe yanayokimbia kwenda Athi River. Basi nilikufunga. Sijawahi kukuambia. Nilikufunga kiunoni, na mwisho wa kamba nikaufunga kwenye mguu wa kitanda.

Kwanza nilitumia kamba ya katani, ikakuchubua. Nikaokota kando ya barabara kipande cha mkanda bapa, ule wa kufungia ng'ombe ndani ya lori, nikaufua, nikaona hauumizi na hata ukiukanyaga haubingiriki chini ya mguu. Urefu niliupima kwa makini. Ulifika kwenye kizingiti, ukaweza kukaa hapo na kuangalia kuku, lakini hukuweza kukivuka. Majirani walinisema sana. "Msomi huyo anafuga mtoto kama mbuzi." Nilijua urefu ule ni sahihi, na ningeupima vilevile leo.

Kosa langu lilikuwa fundo. Mkanda bapa unateleza, Mwende. Fundo unalolikaza asubuhi, kila unapovuta linalegea kidogo, na halikuambii. Siku moja nilikuwa nimeinamia kitabu nikasikia breki za lori, sauti ndefu, kisha kimya. Niliinua macho, mkanda upo, wewe hupo.

Kijana mmoja alishuka kwenye lori, mrefu, na koti limejaa vumbi, amekubeba kwapani kama gazeti. Ndiye huyu Mzee Issack unayemjua. Wakati ule ndiyo kwanza ameanza kununua ng'ombe Kajiado na Ilbissil.

"Mama, hii mtoto ni yako? Iko na miguu ya mbuzi."

Nilikunyakua nikalia. Hakunigombeza. Aliingia akauangalia mkanda kwenye mguu wa kitanda, akalishika fundo kwa vidole viwili.

"Hii nani alifundisha wewe? Hata ng'ombe inajua kufungua hii." Akaukunja mwisho wa mkanda ukawa kitanzi. "Mkanda namna hii hapana funga. Hii shona. Ukishona, hata wewe mwenyewe utatafuta kisu."

Nilishona kitanzi siku hiyohiyo, kwa sindano ya magunia, na hukuvuka kizingiti tena mpaka ulipokuwa na akili ya kuogopa malori. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa kazi hii. Wa pili ni Mama Nasieku.

Unajua nilivyoingia karakana. Walitaka karani anayeandika Kiingereza kisicho na makosa, na mimi ninacho. Kazi yao ilikuwa mikanda ya malori na hatamu za punda, na mafundi wote walikuwa wanawake waliotoka kwenye ushanga. Halafu watu wa mashua za matanga kule pwani wakaanza kuagiza. Wa kwanza alipoleta mfano wake, meneja aliutupa mezani kwangu, akasema, "Hebu nielezee hiki ni kitu gani." Nilisoma karatasi iliyoambatana nao, na nilielewa haraka kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote.

Mkanda mrefu unatandazwa juu ya sitaha kutoka mbele hadi nyuma, mmoja kila upande. Baharia anavaa mkanda wa kifuani, na mkanda mfupi wenye kulabu unamuunganisha na ule mrefu, ili atembee huku amefungwa. Wimbi likimpiga anaanguka, lakini haendi. Na ule mfupi unapimwa: baharia afikie kazi yake, asifikie maji. Nilimwambia meneja, "Ni kama kumfunga mtoto nyumba ikiwa karibu na barabara." Alicheka. Alidhani ni utani.

Mama Nasieku alishona jozi za kwanza kwa uzi mweusi juu ya mkanda mweupe. Mimi niliona ni kama kasoro, nikamuuliza. Akaniambia, "Uzi ukifanana na mkanda, ni nani tunamficha? Mshono ukikatika hapa, unauona kama jino limetoka." Hakuwahi kuiona bahari. Mwenye ile mashua ya kwanza alipokuja kuchukua, alipitisha kidole juu ya uzi mweusi, akamwambia jambo hilohilo, kwamba ndivyo inavyotakiwa. Mama Nasieku hakushangaa hata kidogo.

Mwaka jana meneja alisema uzi mweusi unaonekana kama kazi ya kushonea viatu. Wateja wanataka kazi safi. Nyeupe juu ya nyeupe. Sawa, tukashona nyeupe juu ya nyeupe. Kisha uzi wa poliesta ukaisha mwanzoni mwa agizo la jozi nane, na badala ya kungoja, akaleta makasha ya uzi mwingine, mweupe, mzuri machoni.

Mama Nasieku alikuja ofisini kwangu ameshika vipande viwili vya uzi na kibiriti.

"Takwenya," akanisalimu Kimaasai.

"Iko," nikaitikia.

Akarudisha mlango nyuma yake. "Karani, angalia." Aliwasha ule uzi wa zamani. Ulijikunja ukayeyuka, ukaacha tone gumu jeusi. Akawasha ule mpya. Uliungua haraka kama karatasi, ukanuka kama karatasi, ukabaki jivu ambalo alilipuliza juu ya meza yangu. "Hii ni pamba. Ni ile ya kufunga gunia ya mahindi. Jua na maji ya chumvi, miezi michache tu, kwisha."

"Umemwambia meneja?"

"Nimwambie mimi nani? Mimi nashona. Wewe ndiye unaandika."

Shika neno hilo, maana limenikaa kooni mwaka mzima. Wewe ndiye unaandika.

Nilikwenda. Nataka ujue kwamba nilikwenda, ingawa haitoshi. Nilibisha hodi, nikasimama kwenye mkeka, nikasema kwamba huenda kuna tatizo dogo kuhusu uzi. Huenda. Tatizo dogo. Nilijifunza maneno hayo shuleni, yale ya kusema jambo bila kulisema. Meneja hakuinua uso.

"Wewe umesomea ushonaji?"

"Hapana, bwana."

"Umesomea nini?"

"Ukarani, bwana."

"Basi fomu ni karatasi, na karatasi ndiyo kazi yako. Mashine ni kazi ya mafundi. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha nyinyi nyote mna kazi. Kuna lingine?"

Nikasema hakuna, bwana. Na nikasema asante. Mwende, nilimwambia mtu yule asante.

Kila jozi ilipaswa kupimwa kabla ya kutoka. Mkanda unaning'inizwa kwenye boriti ya chuma, unabebeshwa mapipa mawili yaliyojaa mchanga kwa saa nzima, kisha fundi anakagua mshono na mimi naandika kwenye fomu na kuweka sahihi. Sahihi hiyo inachapwa pia kwenye lebo inayoshonwa kwenye kitanzi cha mwisho, mfano wa mwandiko wangu kabisa, jina langu lote. Nilikuwa najivunia lebo ile. Nilikupa moja ukaibandika kwenye daftari lako la Kidato cha Tatu, unakumbuka.

Agizo lile lilikuwa limechelewa. Tulipima jozi moja, ya kwanza, ile iliyoshonwa kwa mabaki ya uzi mzuri. Ilisimama imara. Meneja akasema hiyo inatosha, zote zimetoka meza moja. Nikaandika nane. Nilikaa kwenye kiti changu, nikachukua kalamu, nikaandika "imepimwa, imefaulu" mara nane, kwa mwandiko mzuri. Hakunishika mkono. Hakunitishia. Nimejaribu kukumbuka tisho nikuandikie hapa unionee huruma, na sikulipata. Alisimama tu mlangoni akiangalia saa.

Miezi minne baadaye Mzee Issack aliingia karakana. Hakuja kunisalimu. Aliweka mkanda wa lori juu ya meza yangu, mkanda wetu, na kitanzi kilikuwa kimefunguka, nyuzi zimebaki kama nywele. Ulishonwa wiki zile zile, kwa uzi ule ule. Ulikaa juani, ukalowa mvua na mkojo wa ng'ombe, na siku ile lori lilipopinda karibu na Isinya ukaachia. Fahali alianguka barabarani akavunjika miguu ya mbele. Walimchinja palepale, na Mzee Issack aliyemlea tangu ndama ndiye aliyeshika kisu.

"Mama Mwende," akaniambia, "mimi nilifundisha wewe kushona. Hii ni nini?"

Niligusa zile nyuzi.

"Andika," akasema. "Wewe uko na kalamu. Andika hii kitu imekatika."

Niliandika malalamiko yake ukurasa mzima, nikampelekea meneja. Aliusoma akaurudisha mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani ya chakula asichokitaka. "Hiyo ni mikanda ya ng'ombe. Ng'ombe hana wakili. Ichane."

"Na ile ya mashua, bwana? Uzi ni ule ule."

Hapo ndipo alipoinua uso. "Umesaini wewe au nimesaini mimi?"

Niliichana, Mwende. Vipande vinne, kisha vinane, kwenye kikapu chake, mbele ya macho yake.

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimemkasirikia mtu anayepima uhai wa watu kwa kuangalia kama wana wakili. Nimekasirikia wale walionifundisha kwamba msichana mwenye adabu haulizi swali mara ya pili, wakanipa alama nzuri kwa hilo. Na mimi mwenyewe nimejikasirikia kuliko wote hao, kwa kuwa woga wangu ulikuwa na adabu kiasi kwamba hakuna aliyeuona, nami nikauita busara. Watu walinisifu. "Karani wetu hana maneno mengi." Ukisifiwa hivyo popote uendako, mwanangu, simama ujiulize ni maneno gani wanayafurahia kutokuyasikia.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelizunguka kurasa hizi zote.

Mwezi wa kwanza, ukiwa unasubiri matokeo na kumsaidia Mama Nasieku kushona, aliingia nahodha wako, yule mama mwenye nywele za mvi na ngozi iliyounguzwa na jua, anatafuta mtu wa kumrekebishia tanga. Alikuona ukishona pembe ya turubai. Akasimama pale dakika kumi akiufuata mshono wako. Akakuuliza kama unaogopa maji, nawe ukamjibu, "Sijui, bado sijayaona mengi." Alicheka mpaka akakaa chini. Siku ile ile alikuambia mashua yake inahitaji mtu wa kutunza matanga na kusaidia sitahani, watakwenda Shelisheli na kurudi, yeye na mume wake, na wewe ukitaka.

Halafu akanigeukia. "Karakana yenu naiamini," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mikanda ya mashua yangu ni yenu. Ina jina lako, sivyo?"

Nilisema ndiyo. Nilimpa chai. Nilimwongezea sukari.

Ni jozi ya tatu kati ya zile nane. Nilijua kabla hajamaliza sentensi, maana vitabu vya maagizo vyote vimo kichwani mwangu. Nilisimama na birika mkononi, nikasema ndiyo, ni jina langu. Ulikuwa unaniangalia kwa furaha. Ulidhani nimesahau kumimina kwa sababu unaondoka.

Ukaenda Kilifi wiki mbili kujaribiwa, ukarudi mweusi na mwenye sauti kubwa, ukaninyooshea picha. "Mathe, cheki! Huyu ni mimi, nimesimama mbele kabisa, na boti imelala hivi." Wewe ulikuwa unaonyesha bahari. Mimi nilikuwa naangalia chini ya miguu yako, mkanda mweupe uliolala kwenye sitaha, na kulabu yako imeshikwa hapo. Niliona mpaka lebo. Nikakurudishia picha nikasema ni nzuri. Kisha nikaenda nje nikatapika nyuma ya tangi la maji, na nilipokuambia ni maharage hayakuiva, ulioga ukapika wewe jioni ile.

Ukiuliza kwa nini sikukuambia siku hiyo: niliogopa kwamba utakataa kwenda. Na niliogopa zaidi kwamba utaniangalia kama Mzee Issack alivyoniangalia.

Basi nimefanya hiki ninachokijua. Nilichukua urefu wa sitaha yenu kwenye kitabu cha maagizo, nikanunua mkanda wa poliesta mwenyewe, na uzi mweusi ambao niliuwasha moto kwa mkono wangu kila kasha, kipande kimoja kutoka juu na kingine kutoka ndani. Jumapili tatu ulizodhani niko kwaya, nilikuwa nyumbani kwa Mama Nasieku, kwenye cherehani yake ya kushonea ngozi. Alikata yeye, nikashona mimi. Alikataa kunishonea. "Hii shona wewe," akasema. "Ile nyingine iko na jina lako. Hii iwe na mkono wako." Nilivunja sindano sita. Kila kitanzi kina mshono wa mraba na msalaba ndani yake, na nilipokosea nilifumua wote, kwa sababu mshono juu ya mshono mbovu unatoboa mkanda bure.

Tulishona pia kipande cha ziada, ndugu wa hiyo mingine, kwa uzi ule ule na mkono ule ule, ili kiharibiwe badala ya hiyo. Tulikipeleka Kajiado siku ya soko. Mzee Issack alifunga kitanzi kimoja kwenye nguzo ya chuma ya kupakilia ng'ombe na kingine kwenye lori lake, akaendesha polepole. Watu wa soko walijaa. Kijana mmoja aliuliza, "Mama, unataka kung'oa Kajiado uipeleke wapi?" Nguzo ilianza kuinama. Mshono haukutoa hata uzi mmoja. Mzee Issack alizima injini, akashuka, akapitisha kidole juu ya uzi mweusi, mshono baada ya mshono, mpaka mwisho.

"Sasa hii," akasema, "unaweza funga ng'ombe."

Sijawahi kupata cheti kinachonifurahisha hivyo. Halafu nikaghadhibika upya, palepale, katikati ya samadi. Kwa mtu huyu, kinachomfaa ng'ombe lazima kwanza kivute lori. Sisi tulimfunga binadamu kwa uzi wa magunia.

Ile ya kwako tuliibebesha mchanga, kila mmoja saa nzima, na nilikaa chini nikiuangalia saa nzima. Ndiyo iliyomo humu: mirefu miwili, na mifupi mitatu kwa kuwa mko watatu. Ukifika mashuani, kabla hujafungua begi la nguo, toa ile ya zamani uweke hii. Nahodha akiuliza, mwambie tu ni zawadi ya mama yako. Ikaze sana mashua ikiwa bandarini. Usiifikishe mpaka mwisho wa nyuma. Iishie hatua chache kabla, kama kizingiti chetu, ili ukianguka usiburutwe majini. Mkikaa bandarini muda mrefu, ikunje uiweke mbali na jua. Asubuhi pitisha kidole kwenye uzi mweusi. Ukiona jino limetoka, usimsikilize mtu atakayekuambia bado inafaa, hata akiwa mkubwa wako, hata akiwa mwema kwako. Uliza mara ya pili. Uliza mara ya tatu kwa sauti yako ile ya Kilifi.

Nilipoanza kuandika niliwaza kuishia hapo. Wewe uko salama, mimi nimetulia, yamekwisha. Lakini nimesoma kurasa hizi tena, na naona kwamba nimefanya kile kile alichofanya meneja. Nimepima jozi moja, nikataka kuziandika zote nane.

Kuna jozi nyingine saba. Ile ya kwanza ni nzima, lakini mwenyewe hawezi kujua ni ipi, kwa hiyo naihesabu pamoja. Mwenye kila moja nina jina lake na anwani yake, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika. Sasa hivi, kabla ya aya hii, nimesimamisha barua yako nikaandika nyingine saba, fupi, maneno yale yale: uzi ni wa pamba, mikanda haikupimwa, mimi ndiye niliyetia sahihi, msiitumie. Sikuandika "huenda". Nimeweka jina langu lote. Ziko mbele yangu, nimezifunga. Kesho basi lako likiondoka nitapanda kwenda Kajiado kuziweka posta, kwa sababu posta ya hapa Kitengela karani wake hula chakula cha mchana na meneja. Wiki moja inatosha zifike. Ndiyo sababu ya siri niliyokuomba. Meneja akizijua kabla hazijafika, atawapigia wenyewe na maneno matamu, na Mama Nasieku atalaumiwa kwa kuwa mshono ni wake.

Baada ya wiki hiyo siri imekwisha. Mpe nahodha wako barua hii aisome yote, hata pale penye sukari. Akikasirika usinitetee. Akikuuliza kama mama yako ni mtu mbaya, mwambie alikuwa mwoga, na ueleze vizuri, wewe unajua kueleza.

Kazini sitakuwepo tena. Sijui watanifanyia nini. Labda watanifukuza tu, labda watanipeleka kituoni na fomu zile kama ushahidi, na fomu zile ni za kweli, ni mwandiko wangu. Chumba hiki nacho ni cha kampuni. Kwa hiyo usinipigie ofisini hata mara moja, na usiandike kwa sanduku la karakana. Andika kwa duka la Habiba, binti wa Mzee Issack, pale Kajiado, mlango wa kijani unaotazama uwanja wa mifugo. Anwani yake na namba ya simu ya duka nimeziandika upande wa ndani wa turubai, kwa kalamu isiyofutika. Piga siku ya soko, saa sita mchana. Nitakuwa nimekaa hapo hata kama hupigi. Mtu mwingine akipokea, sema unamtafuta mama wa mtoto mwenye miguu ya mbuzi. Watakuitia.

Na kabla hamjang'oa nanga, nifanyie jambo hili. Chukua kisu, ukate kitanzi cha mwisho cha mkanda wa zamani, pale penye lebo, ukitie kwenye bahasha utume kwa Habiba. Huna haja ya kuandika neno. Nikiona sahihi yangu imerudi kwangu, nitajua umefungwa na ule mwingine.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na watu. Ngoja nifungue komeo.

Mama yako